Dkt. Karwitha Mungania na Sayari Iliyopita Nyuma ya Nyota

Tunayemsindikiza leo ni Dkt. Karwitha Mungania Kimotho wa mtaa wa Wabera, hapa Isiolo: binti, mke, mama, dada, mwalimu, na mtu pekee mjini humu, kwa kadiri familia inavyojua, ambaye aliweza kuulizwa sayari iliyo mbali ajabu itakuwa wapi mwaka kesho, na akajibu bila kubabaika. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na mdogo wake, Tyson. Marehemu mwenyewe aliacha maagizo kwamba usiwe wa kuliza watu. "Mkiandika kwamba ua limenyauka," alisema, "nitaamka niwasahihishe." Kwa hiyo humu hamna ua.

Karwitha alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Agosti 1978 katika hospitali ya Isiolo, kifungua mimba wa marehemu Mzee Mungania na Mama Kinanu. Wazazi wake walikuwa wameteremka kutoka Igembe, na Mzee alikuwa na kibanda cha miraa karibu na stendi. Miraa ilikuja kwa pikapu kutoka milimani. Siku hizo barabara ya Ruiri ilikuwa ya vumbi, na kutoka kibandani ungeliona vumbi la gari kwa muda mfupi tu kwenye mteremko, kisha gari lizame nyuma ya kilima na wanunuzi waanze kugombana: linafika sasa hivi, halifiki, twende kwa yule mwingine. Karwitha hakuwa hata amefika darasa la tatu alipoanza kumwambia baba yake, "Wazuie, Baba. Litatokea hawa kondoo wakimaliza kuvuka." Na kweli, kondoo wa mwisho akivuka, pikapu hiyo!

Mara chache alikosea, na kila alipokosea, mwenye makosa alikuwa dereva, Bwana Kuria, aliyekuwa na tabia ya kusimama njiani anywe chai. Siku moja wanunuzi walizuiwa mpaka wakachoka, wakaondoka huku wakisonya, na msichana akaenda kulia nyuma ya kibanda. Mzee Mungania alimfuata akamwambia, "Hesabu yako iko sawa. Kuria ndiye hayuko sawa." Miaka mingi baadaye, alipoulizwa na wageni wa heshima kwa nini alichagua kusomea sayari, Dkt. Karwitha alijibu kwamba sayari haisimami njiani kunywa chai.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1992. Dawati moja alikaa na Habsa Huka, ambaye leo amekaa pale mbele na ukoo wake wote, na ambaye hadi mwezi uliopita alikuwa bado anadai rula yake. Kutoka hapo marehemu alijiunga na shule ya upili ya wasichana huko Meru, akamaliza mwaka wa 1996, kisha akasomea hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Shahada ya pili aliipata Afrika Kusini, na ya uzamifu Uholanzi, mwaka wa 2009. Mama Kinanu alimtumia unga wa wimbi mpaka Uholanzi, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba watu wa huko hula mkate asubuhi, mchana na jioni, na hakuona vipi mtu angefikiri vizuri kwa chakula cha namna hiyo.

Aliporudi Kenya alifundisha chuo kikuu, na mwaka wa 2013 akahamishia kazi yake ya utafiti hapa nyumbani, Wabera. Kazi yenyewe watu wengi hawakuielewa. Wazee wawili waliwahi kuja kutoka Korbesa kumuuliza mvua itanyesha lini, maana walikuwa wameambiwa kuna mama anayesoma nyota. Aliwakaribisha chai, akawaeleza kwa adabu kwamba nyota zake hazijui habari za mvua. Waliondoka wakimhurumia.

Basi ieleweke leo, kwa sababu aliipenda mno. Dkt. Karwitha alikuwa akitafuta njia za sayari zinazozunguka nyota changa zilizo mbali na sisi. Nyota changa kwa hesabu ya wataalamu ni ile yenye umri wa miaka milioni ishirini hivi. Sisi pia tulishangaa. Sayari za nyota kama hiyo bado zina joto la kuzaliwa, mithili ya sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na joto hilo ndilo linaloiwezesha kamera maalumu kuzipiga picha. Shida ni kwamba sayari kama hiyo huchukua miaka mingi kumaliza mzunguko mmoja. Unapata picha yake mwaka huu, nyingine mwaka kesho: vinukta viwili vitatu vilivyosogea kidogo sana. Kutoka kwenye vinukta hivyo unatakiwa useme njia nzima ilivyo, kama ni duara au imechongoka kama yai, imelala au imesimama, na sayari itageukia wapi. Njia maelfu zinaweza kupita kwenye vinukta vilevile. Karwitha alizipanga kwenye kompyuta na kuzikataa zile ambazo hazingewezekana.

"Mimi sichagui ya kweli, Mama," alimweleza Mama Kinanu. "Nafukuza waongo mpaka abaki mmoja."

"Ndivyo nilivyompata baba yako," akasema Mama Kinanu.

Wengi walidhani alikesha usiku na kulala mchana. Hata kidogo. Darubini ilikuwa Chile, na usiku wa Chile ni asubuhi yetu, kwa hiyo picha zilimfikia watu wakinywa chai na mandazi. Saa tatu usiku Karwitha alikuwa amelala fofofo, na mgeni aliyechelewa kuondoka aliachiwa ufunguo afunge mwenyewe.

Alifunga ndoa na Bwana Kimotho, afisa wa maji, tarehe 17 Desemba 2011. Kimotho ni mwana wa wafanyabiashara wa hapa mjini, na mama yake, Cucu Nyawira, yaani nyanya kwa lugha yao, tunaye hapa. Walipokuwa wakichumbiana, Kimotho alimwomba waende pamoja Sericho, kuna kisima kilikuwa kimeharibika. Alimwahidi watafika kabla ya chakula cha mchana. Karwitha aliangalia gari, akaangalia magurudumu, akaangalia barabara, akasema, "Kesho." Walifika kesho yake. Kimotho husimulia kwamba aliamua kumwoa njiani humo, kwa vile hakumwambia hata mara moja, "Si nilikuambia?" Marehemu alisisitiza kwamba alisema, ila alisema polepole. Mungu aliwajalia mabinti wawili waliopewa majina ya nyanya zao, Nyawira aliyezaliwa 2012 na Kinanu aliyezaliwa 2015.

Sasa tufike kwenye lile jambo ambalo nusu ya Isiolo inalijua na nusu nyingine inajifanya inalijua. Mwaka wa 2009 kikosi cha kina Karwitha kilipata picha ya sayari moja kando ya nyota changa ambayo haina jina, ina nambari tu, ndefu kama ya mita ya stima. Sayari hiyo ilikuwa ikisogea kuelekea nyota yake. Wote walikubaliana kwamba baada ya miaka kadhaa ingezama kwenye mwanga wa nyota, isionekane tena kwa muda. Ubishi ulikuwa mmoja: itatokea upande gani? Ama ingegeuka na kurudi upande ilikoingilia, ama ingepita nyuma ya nyota na kutokea upande wa pili.

Mwaka wa 2014, Dkt. Karwitha alitangaza kwamba itageuka na kurudi. Majarida ya wanasayansi yaliandika, simu zikalia, Kimotho akachinja mbuzi. Lakini kulikuwa na kitu ambacho hakuuliza. Kamera ya kule Chile ilikuwa imeshushwa kufanyiwa marekebisho, na iliporudishwa ilikaa imepinda kidogo tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kaskazini ya picha ikawa si kaskazini ya mbinguni. Karwitha alipima kinukta kipya kwa kaskazini ya zamani, ikawa kama sayari imeacha njia. Mwaka wa 2016, akipima nyota nyingine zilizo mbali zaidi kwenye picha hizohizo, ambazo hazikutakiwa kusogea, alikuta zote zimesogea pamoja. "Nyota zote hizi haziwezi kukosea," alimwambia mumewe. "Aliyekosea ni mimi."

Hakujificha. Aliandika kwa jina lake kwamba alikosea, akaeleza kosa lilivyotokea, akaonyesha hesabu mpya: sayari itapita nyuma ya nyota na kutokea upande wa pili, ifikapo mwaka wa 2025.

"Na mbuzi?" Kimotho akauliza.

"Mbuzi angerudishika, ningemrudisha."

Balaa ni kwamba alikuwa ameitetea ile hesabu ya kwanza vizuri kupita kiasi. Wataalamu waliokuwa wamekwisha kuiamini walikataa kuiacha. Profesa mmoja mkubwa alimwambia mbele ya mkutano mzima, "Ulitushawishi wewe mwenyewe. Sasa unataka tumwamini Karwitha yupi?" Akarudi nyumbani amenuna, akakaa jikoni, akala chapati nne. Tangu siku hiyo alikuwa akibishana na Karwitha wa mwaka wa 2014, na huyo, alisema, alikuwa mbishi hasa. Sayari ilizama kwenye mwanga mwaka wa 2019. Ikiibuka upande wa pili, masahihisho yake yatasimama. Ikirudi ilikotoka, atakuwa amekosea mara mbili, na mara ya pili kwa hiari yake.

Mji mzima ukaanza kungoja. Watu waliiita mtoto wa Karwitha, na hilo alilianzisha Habsa pale anapouzia maziwa ya ngamia. "Mtoto ametoka?" alikuwa akipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, naye Karwitha akijibu, "Bado yuko ndani!" Wageni waliopita njia walimtazama tumbo na kushangaa. Cucu Nyawira aliiombea sayari kanisani kila Jumapili, kwa ile nambari ndefu ya nyota yake, na hakuwahi kukosea hata tarakimu moja. Habsa naye alisema ameiombea dua, ila yeye hakuhangaika na nambari, maana Mwenyezi Mungu anaijua anayoizungumzia.

Mwezi wa Februari 2023 Dkt. Karwitha aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Alitibiwa Meru na Nairobi, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote. Alimpenda zaidi daktari mmoja ambaye hakumpa ahadi ila alimpa makadirio, kuanzia muda mfupi hadi mrefu, na uwezekano wa kila mmoja. "Huyu," alisema, "ningemwajiri." Aliendelea kufanya kazi na kompyuta mapajani. Nywele zilipokwisha, binti zake walimchorea kichwani njia ya sayari kwa hina ya Habsa, na akaenda nayo kliniki akiwa ameinua kichwa.

Lakini asionekane kama mtu asiyeogopa. Siku moja alimwambia mumewe, "Naogopa. Kufa naogopa, ndiyo. Lakini zaidi naogopa kufa nikiwa nimekosea."

Kimotho alifikiri, akasema, "Ulishakosea mara moja na hukufa."

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwatuliza. Bwana Kimotho ameomba hilo lisomwe kama lilivyo.

Ijumaa tarehe 5 Septemba mwaka huu, wakati wa chai, simu iliita kutoka Chile. Alikuwa Dkt. Abdighani Abdillahi, mwana wa Isiolo na aliyekuwa mwanafunzi wa marehemu, ambaye sasa anafanya kazi kwenye darubini ile. Picha ilikuwa imetoka, na upande wa pili wa nyota kulikuwa na kinukta hafifu. Nyumba ililipuka kwa shangwe. Mabinti waliruka juu ya makochi, Kimotho akavaa viatu aende kutafuta mbuzi. Karwitha alivaa miwani, akaisogeza simu karibu na uso, akaangalia kwa muda mrefu.

"Wewe, vua viatu," akasema.

"Lakini si iko hapo?"

"Kuna kinukta hapo. Kinaweza kuwa nyota nyingine iko mbali huko nyuma. Kinaweza kuwa takataka ya mwanga. Kinukta kimoja si sayari. Mwezi ujao wapige tena. Kikisogea, na kisogee kwa njia yake, hapo sasa uende kwa mbuzi."

Binti yake Nyawira ndiye aliyethubutu kuuliza walichokuwa wakikiwaza wote. "Mama, na kama mwezi ujao..."

"Basi mtaangalia nyinyi," akamjibu. "Macho mnayo." Kisha akamvuta karibu, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Jumatano asubuhi, tarehe 8 Oktoba 2025, alimwomba Kimotho amgeuzie kitanda aone nje uani. Akauliza, "Abdighani amepiga?" Akaambiwa bado. "Asiharakishe," akasema. "Apime vizuri." Alifariki nyumbani kabla ya adhuhuri, mume wake, mama yake na binti zake wakiwa wamemshika. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Iliuma, na bado inauma, kwamba alikwenda akiwa na kinukta kimoja tu.

Marehemu ameacha mume wake, Bwana Kimotho. Binti zake, Nyawira na Kinanu. Mama yake mzazi, Mama Kinanu. Mama mkwe, Cucu Nyawira. Mdogo wake, Tyson, na mkewe Kate. Rafiki yake wa dawatini, Habsa Huka. Pamoja na wanafunzi wengi walio nchi nyingi, ambao kila mmoja amewahi kuambiwa akapime upya.

Hapo ndipo wasifu uliochapwa unapoishia. Programu za mazishi zilikwenda kwa mchapaji Jumatano ya wiki hii. Karatasi hii ya pili, mliyoikuta imeingizwa ndani, iliandikwa jana Ijumaa, na familia inaomba radhi kwa herufi zake ndogo.

Juzi, Alhamisi tarehe 16 Oktoba, watu walikuwa wamejaa uani wakimenya viazi na kuosha sufuria. Kina mama wa kanisani walikuwa upande mmoja, watu wa ukoo wa Huka wakishusha mitungi ya maziwa upande wa pili. Simu ya Kimotho ikalia. Alipoona ni Chile aliiweka sauti kubwa, akaishika mbele yake kwa mikono miwili. Watu waliokuwa uani wakamzunguka.

"Mzee," Abdighani akasema, "imesogea."

"Kwa njia gani?"

"Kwa njia yake. Ile ya 2016. Nimepima na nyota zote za nyuma, na kaskazini nimeikagua mara mbili, nikamwita mwenzangu naye akakagua. Ni yenyewe. Imepita nyuma, imetokea upande wa pili." Kisha akawa analia, na Kimotho akawa analia, na hakuna aliyejua nani aanze kumnyamazisha mwenzake.

Hapo Cucu Nyawira, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, aliweka kisu chini, akasimama, akapiga kigelegele.

"Cucu!" mtu akasema kwa hofu. "Hapa ni matangani!"

"Mimi najua ni matangani. Mtoto amezaliwa, mnataka nifanye nini?"

Wanaojua mila za upande wake wanajua kwamba mtoto wa kiume hupigiwa vigelegele vitano na wa kike vitatu. Kina mama walishauriana haraka, maana hakuna aliyejua sayari ni mvulana au msichana. Mama Kinanu alisema ni msichana, anaijua damu yake, wapige vitatu. Cucu akakataa katakata. "Huyu amepita nyuma ya moto peke yake, miaka yote hii, na ametoka mwenyewe. Mpeni vitano." Vikapigwa vitano, na Habsa na watu wake wakapiga vyao kwa namna yao bila kuhesabu. Majirani walikuja mbio kuuliza kuna nini, na kila aliyeambiwa alijiunga, machozi yakimtoka. Mabinti wawili wa marehemu walikuwa katikati wameshikana mikono, wanacheka.

Kwa hiyo familia ina ombi moja. Jeneza litakaposhushwa, asiwepo atakayeona haya. Wanaojua vigelegele wapige, vitano, kwa sauti ya kufika mbali.

Dada, hukukosea. Pumzika sasa kwa amani.